Ahadi za Wasiosali: Historia ya Wakana Mungu Eastlands

Tangu viwanja vya Pumwani vilipopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, swali la dini limekuwa pia swali la makazi upande wa mashariki wa Nairobi. Unasali wapi? Anayeuliza anataka kujua nani atakudhamini, nani atasimamia matanga yako, na watoto wako watasoma shule ya nani. Historia hii ni ya watu waliolijibu swali hilo kwa kusema hawasali popote, na ya wengine waliowafungulia njia bila wenyewe kuacha imani.

Wengi hudhani kwamba mtu akishasema hakuna Mungu, hana lingine la kusema. Mimi nashikilia kinyume chake. Asiyeamini ana mambo anayoyaamini na ahadi anazojifunga nazo, na katika mji huu ahadi hizo hazikutoka vitabuni peke yake. Zilitokana na magombano ya kweli kuhusu mshahara, shule, haki ya kukusanyika na pesa za sadaka.

Pumwani na Kariokor, 1914–1939

Nairobi ya Waafrika ililelewa na vita. Jina la Kariokor limebaki kama kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Hesabu rasmi yenyewe inakubali kwamba zaidi ya wapagazi 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Waliosalia na kubaki mjini walijikuta miongoni mwa watu wa makabila mengi, mbali na ukoo, mbali na makaburi ya wazee wao.

Baada ya vita serikali ilitaka Waafrika wote wakae mahali pamoja panapoweza kuangaliwa. Vijiji vya zamani vilibomolewa kimoja baada ya kingine, na watu wakasukumwa Pumwani, ambako mtu aliruhusiwa kujijengea nyumba ya udongo kwenye kiwanja cha manispaa. Pangani ilikuwa ya mwisho kuvunjwa, mwaka 1939, na wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo.

Wenye nyumba wengi Pumwani walikuwa Waislamu, na baadhi yao walikuwa wanawake waliokuja mjini peke yao kutoka Kiambu, Murang'a na kwingineko. Kusilimu kulimpa mwanamke kama huyo jina jipya, majirani wa kumzika na watu wa kula nao Idi. Upande wa pili, misheni ilitoa shule na zahanati, na aliyetaka mtoto wake asome alijua kwamba ubatizo ulifungua mlango. Siwakebehi watu hao hata kidogo. Walikuwa wakitafuta jamaa mahali ambapo serikali iliwahesabu kama vibarua tu. Lakini jambo hilo linaeleza ukimya wa miaka mingi iliyofuata: dini ilipokuwa ndiyo ukoo wa mjini, kuiacha kulimaanisha kubaki bila ukoo.

Ukumbi wa Kaloleni, 1945–1957

Vita vya pili viliwarudisha watu wenye maswali. Mmoja wao alikuwa Bildad Kaggia, aliyetumikia jeshi Mashariki ya Kati na kuifikia Yerusalemu. Aliyoyaona huko na Uingereza yalimfanya atilie shaka mamlaka ya wamisionari waliomlea. Aliporudi aliondoka katika kanisa lao na kuanzisha kundi ambalo watu waliliita Dini ya Kaggia, lenye kudai kwamba Mwafrika anaweza kusoma Biblia bila kuomba ruhusa ya Mzungu. Kaggia hakuwa mkana Mungu. Nafasi yake katika simulizi hii ni ya mtu aliyewaonyesha makarani na vibarua wa Nairobi kwamba mamlaka ya kiroho nayo huhojiwa. Baadaye akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwishowe akafungwa pamoja na wenzake walioshtakiwa naye Kapenguria.

Hapo hapo akatokea Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab aliyefika Kenya mwaka 1927 akiwa kijana, mkomunisti asiyeficha msimamo wake. Tarehe 1 Mei 1949, yeye na Fred Kubai waliunda Kongamano la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika Ukumbi wa Kaloleni, mbele ya mkutano wa pamoja wa chama cha Waafrika cha KAU na kongamano la Wahindi, Makhan Singh alisimama akatoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Ukumbi ule ungalipo hadi leo, na kwa maoni yangu ungestahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Mei, yeye na Kubai walikamatwa. Mgomo ukazuka na kudumu zaidi ya wiki moja. Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni zilijaa marungu na gesi ya kutoa machozi. Wagomaji walidai viongozi wao waachiliwe, na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh alizuiliwa kaskazini mwa nchi hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka kumi na moja.

Nimekaa kidogo kwenye mgomo huu kwa sababu hapa ndipo Eastlands ilipoona kwa macho namna nyingine ya kufungamana. Mluo, Mkikuyu, Mkamba na Mhindi walikaa upande mmoja bila kuulizana wanasali wapi. Kilichowaunganisha ni ahadi waliyopeana wao kwa wao kwamba hakuna atakayerudi kazini peke yake.

Serikali ya kikoloni ilielewa uzito wa kiapo. Katika msako wa Anvil, ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, mitaa hii ilizingirwa, ikapekuliwa nyumba kwa nyumba, na maelfu ya watu wakapelekwa vizuizini. Huko makanisa yalishirikishwa katika kazi ya kuwaungamisha waliokula kiapo cha Mau Mau. Kituo cha jamii cha St John's kilichofunguliwa Pumwani mwaka 1957 ni tunda la enzi hiyo, na kimefundisha vijana wengi ufundi hadi leo. Yote mawili ni kweli, na anayeandika historia ya mitaa hii hana budi kuyabeba yote mawili.

Hoja kubwa ya 1969–1970

Uhuru ulipopatikana mitaa ilipanuka. Baadhi ilikuwa tayari na majina kama Jericho na Jerusalem, na ndani yake wakakaa makarani, makondakta na walimu wa taifa jipya. Makanisa yalijaa. Makanisa ya Waafrika wenyewe yakaongezeka, likiwemo Legio Maria lililoanza mwaka 1963. Hata hivyo katika vyuo hoja kubwa ilikuwa inapikwa, na matokeo yake yangali yanaamua jinsi asiyeamini anavyotazamwa Kenya.

Mwaka 1969 kasisi na msomi John Mbiti, mzaliwa wa Ukambani, alichapisha kitabu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Dai lake la msingi lilikuwa kwamba Mwafrika ni mtu wa dini kupindukia, na kwamba kwake maisha yote ni ibada. Dai hilo lilipendwa mno, likaingia shuleni na likaendelea hadi mimbarini. Lilimrudishia Mwafrika heshima ambayo wamisionari walimnyima, na nia yake ilikuwa njema. Lakini lilizaa pia hukumu: kama Mwafrika kwa asili ni mcha Mungu, basi asiyeamini amekuwa mtumwa wa Wazungu.

Mwaka uliofuata likaja jibu kutoka kwa Mwafrika mwingine. Okot p'Bitek, mshairi na mwanaanthropolojia Mwacholi kutoka Uganda ambaye alifundisha pia Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha kupitia East African Literature Bureau kitabu kuhusu dini za Kiafrika katika usomi wa Magharibi. Humo alisema kwamba wasomi, Wazungu kwa Waafrika, walikuwa wamewavisha miungu wa Kiafrika mavazi ya Kigiriki na ya Kikristo. Yule Mungu mmoja mkuu, mwenye enzi na mjuzi wa yote, aliyedaiwa kuwa kila mahali barani, kwa sehemu kubwa alikuwa ametengenezwa na watafiti wenyewe. Wajaluo wa Kati, alieleza, waliishi na majok, yaani nguvu za kiroho, wengi wenye kazi mbalimbali, na hawakuhitaji kumweka mmoja juu ya wote ndipo wajue lililo jema na lililo baya.

Umuhimu wa hoja hiyo ni mkubwa kuliko watu wanavyokumbuka. Okot aliondoa msingi wa shtaka kwamba kutoamini ni ugonjwa wa kuletwa na meli. Alionyesha kwamba jamii ya Kiafrika inaweza kuwa na maadili, adabu ya ndoa, heshima kwa wafu na sheria za kuishi na jirani, bila kumtegemea muumba anayehesabu dhambi. Asiyeamini wa Umoja au Kayole anaposema leo kwamba anaamini katika utu, anasimama mahali ambapo Okot alipasafisha zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Mwaka huo huo, tarehe 12 Machi 1970, mwandishi aliyejulikana kama James Ngugi alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki jijini Nairobi. Alianza kwa kuwaambia wenyeji wake waziwazi kwamba yeye si mtu wa kanisa wala si Mkristo. Kisha akawashtaki kwa kusimama na wakoloni na kuwasahau wakulima na wafanyakazi. Mzee mmoja alimkemea, akimkumbusha kwamba jina lake mwenyewe, James, ni la Kikristo. Ngũgĩ aliona kwamba mzee ana hoja, na akaliacha jina hilo. Napenda sana tukio hili, kwa sababu pande zote mbili zilichukuliana kwa uzito. Kanisa lilimpa jukwaa mtu asiyekubaliana nalo, na yeye akayakubali makemeo yaliyokuwa na ukweli.

Mimbari na vipaza sauti, 1978–2002

Enzi ya Moi naipita haraka. Habari za Jumapili zilianza na Rais kanisani, watoto wa shule wakakariri utii, na wasomi wa mrengo wa kushoto wakatupwa vizuizini. Hakukuwa na mahali pa kutangaza kutoamini. Lakini haki lazima itendeke: katika miaka hiyo sauti zilizothubutu kuisema serikali mara nyingi zilikuwa za viongozi wa kanisa kama Henry Okullu, Alexander Muge na Timothy Njoya. Uwanja wa Kamukunji uliwaka kwa maandamano ya Saba Saba mwaka 1990, na akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofukuzwa Uhuru Park kwa marungu mwaka 1992, waliopata hifadhi walikaribishwa na kanisa, katika Kanisa Kuu la All Saints. Kwa kijana wa Eastlands mwenye hasira na serikali, kanisa lilikuwa upande wake. Sababu ya kulihoji haikuwa kubwa.

Sababu hiyo ilikua kadiri ukarimu wa sadaka ulivyogeuzwa kuwa biashara. Makanisa ya kilokole yalikuwa yameota mizizi mapema katika mitaa ya maskini. Redeemed Gospel, kwa mfano, lilianzia Mathare mwaka 1974 na kusaidia watu wengi. Miaka ya 1990 kila uwanja mtupu ulikuwa na hema, na kila hema na kipaza sauti. Mengi yalikuwa makanisa ya watu waaminifu. Machache yaliuza miujiza.

Mifupa na maji mekundu, 2006–2014

Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa yalipokuwa yakikarabatiwa, Askofu Boniface Adoyo, aliyeongoza umoja wa makanisa ya kiinjili, alitaka maonyesho ya mifupa ya binadamu wa kale yasipewe nafasi ya mbele kama ushahidi wa mageuko ya viumbe. Miongoni mwa mifupa hiyo ni ya mvulana wa Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, na aliyegunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la ajabu la kuona kisukuku mchangani. Richard Leakey, aliyejulikana wazi kuwa hana dini, alipinga kwa ukali. Mifupa ilibaki, na watoto wa shule za Makadara na Dandora wakaendelea kupelekwa kuitazama.

Ubishi huo uliweka hadharani jambo la kwanza ambalo asiyeamini hujifunga nalo: dai lolote lipimwe kwa ushahidi, na ushahidi ukibadilika, naye abadilike. Ahadi hiyo ni ngumu kuitimiza. Humlazimu mtu kuachana na jambo alilolipenda pindi linapoonekana si kweli.

Mwezi Novemba 2014 Wakenya walioketi mbele ya runinga walionyeshwa na KTN jinsi mhubiri mmoja wa Nairobi alivyogeuza maji ya kuoshea miguu kuwa mekundu kama damu kwa dawa ya kawaida ya dukani, na jinsi wagonjwa walivyoombwa kupanda mbegu ya shilingi 310. Mama mboga na dobi walikuwa wametoa pesa hizo. Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alisimamisha usajili wa makanisa mapya, na mapema 2016 zikaletwa kanuni za kudhibiti mashirika ya dini. Viongozi wa dini walizipinga vikali, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza mashauriano zaidi. Kanuni zikakwama.

Usajili, 2010–2019

Wakati huo kitu kingine kilikuwa kimekomaa. Katiba ya 2010 inafungua kwa kukiri ukuu wa Mungu, lakini Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya serikali, na Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Katika Jedwali la Tatu, anayeshika wadhifa anaweza kuapa kwa kumwomba Mungu amsaidie, au kuthibitisha kwa dhati bila kumtaja. Mtu anayethibitisha kwa njia hiyo hana wa kumsukumia lawama akivunja neno lake. Amejifunga mbele ya watu, na watu ndio watakaomhukumu.

Mwaka 2013 Harrison Mumia alianzisha kundi la Wakana Mungu wa Kenya. Ombi lao la kusajiliwa lilikataliwa mwanzoni, kisha tarehe 17 Februari 2016 likakubaliwa, na chama hicho kikawa cha kwanza cha aina yake nchini kupata cheti. Baada ya miezi miwili hivi, viongozi wa dini wakiwa wamelalamika, usajili ulisimamishwa kwa hoja ya amani na utulivu wa umma. Chama kilikwenda Mahakama Kuu, na hakikufutika.

Tazama mfuatano huo. Mwezi Januari serikali ilirudi nyuma mbele ya makanisa yaliyokataa kudhibitiwa, na mwezi Aprili ikakinyang'anya cheti chama kidogo ambacho hakikuwa kimemdhuru mtu. Sheria iliyowaogopa wengi iliwakalia wachache. Ndiyo maana wasioamini wengi nchini, ukiwauliza wanapigania nini, watataja kwanza kutenganishwa kwa dini na serikali. Wanataka dola isipendelee wala isimwonee mwenye dini au asiye na dini.

Sensa ya 2019 iliandika watu 755,750 wasio na dini, kati ya Wakenya milioni 47.6. Sensa ya 2009 ilikuwa imepata 922,128. Idadi ilishuka, lakini takwimu hizi zina jambo la kuzingatia: karani huuliza nyumbani, na mara nyingi mtu mmoja hujibu kwa niaba ya wote. Kijana wa Buruburu anayekaa kwa mamake huandikwa dini ya mamake.

Wanachojifunga nacho, tangu 2016

Kutoamini Mungu, kwa ukweli wake, ni jibu la swali moja tu. Ahadi hutoka mahali pengine, na wengi wa Afrika Mashariki wamezipata katika mkondo wa kibinadamu. Mwaka 1952 vyama vya mkondo huo vilikutana Amsterdam chini ya uenyekiti wa Julian Huxley, mwanabiolojia aliyewahi kuzunguka Afrika Mashariki mwaka 1929 kuchunguza elimu. Tamko lao, lililofanyiwa marekebisho 2002 na 2022, linasema kwamba kila binadamu ana thamani, kwamba uhuru wa mtu huenda pamoja na wajibu wake kwa wengine, na kwamba sayansi itumike kujenga. Uganda wamelifanya tamko hilo kuwa madarasa: shule ya Isaac Newton huko Masaka tangu 2005, na shule ya msingi ya Kasese tangu 2011, ambako watoto wa dini zote hupokelewa na kufundishwa kuuliza.

Ahadi ya uhuru wa dhamiri ilijaribiwa Nairobi mwezi Mei 2021. Katibu wa kitaifa wa chama cha wakana Mungu alijiuzulu, akisema amempata Yesu. Chama kilitangaza habari hiyo chenyewe, kikamshukuru kwa utumishi wake na kumtakia heri. Makundi mengi, ya dini na yasiyo ya dini, yangejifunza hapo namna ya kuagana na anayeondoka.

Kisha, Aprili 2023, makaburi ya Shakahola huko Kilifi yakafukuliwa. Zaidi ya watu 400, wakiwemo watoto wengi, walikuwa wamekufa katika kundi lililofundishwa kufunga hadi kufa. Baada ya hapo hoja ya ushahidi na uwajibikaji haikuwa tena ya wachache. Novemba 2024 Rais Ruto alitoa mamilioni ya shilingi na ahadi ya basi katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza pesa zirudishwe, akikataa kanisa litumiwe kisiasa. Na Julai 2025, Rais aliposema anajenga kanisa ndani ya Ikulu, wakana Mungu walitishia kwenda mahakamani, na maaskofu Wakatoliki nao wakatoa maswali yao.

Mitaani, ahadi hizi hupimwa kwenye matanga kuliko mahali popote. Kamati hukaa, mchango huitishwa, na kila kikao hufunguliwa kwa maombi. Asiyeamini huchanga kama wengine na huchimba kaburi na wengine, kwa kuwa anaamini kwamba mfiwa hana msaada mwingine ila watu. Ndoa ya kiserikali ipo chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Tanuri la kuchomea maiti la Kariokor lipo, na waumini mashuhuri wamelitumia, akiwemo Wangari Maathai mwaka 2011. Linalokosekana ni mtu wa kusimama mbele ya waombolezaji na kumuaga marehemu kwa heshima bila kumpeleka mbinguni ambako mwenyewe hakuamini kuwa kupo. Kazi hiyo bado inaangukia rafiki mwenye sauti imara.

Na shuleni jambo halijaisha. Mtaala unatoa elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Mzazi wa Komarock asiye na dini, mwenye Kifungu cha 32 mkononi, bado anatakiwa kumchagulia mwanawe moja kati ya hizo tatu.